Kidagaa na Kuoza Kwake: Maisha ya Samaki Aliye Nyuma ya Nahau

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili akisema kwamba kidagaa kimemwozea fulani, hakuna anayeuliza kidagaa hicho kilivuliwa wapi, kilikuwa cha aina gani wala kilioza kwa muda gani. Maana imekwisha kufika: mambo yamemharibikia, njama imefichuka, tumaini limemponyoka. Tangu Ken Walibora alipochapisha riwaya yake ya Kidagaa Kimemwozea mwaka wa 2012, na riwaya hiyo ikatahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya, nahau hii imekuwa mdomoni mwa vijana wengi, wakiwemo waliozaliwa mbali na bahari na ambao hawajapata kumwona dagaa ila yule wa ziwani aliyekaushwa na kupimwa kwa kopo sokoni. Wanafunzi wa fasihi wameijadili kwa marefu na mapana. Wametaja kejeli, wametaja jazanda, wametaja anguko la wenye mamlaka. Aghalabu anayesahauliwa katika mijadala hiyo ni samaki mwenyewe.

Makala haya yanadhamiria kumrejesha dagaa katika maji yake. Yanaeleza maumbile na mienendo ya dagaa wa bahari ya pwani ya Afrika Mashariki, sababu za kuoza kwake upesi kuliko samaki wengi, na utata wa jina lake ambao, kama itakavyoonekana, si suala la wanakamusi peke yao.

Dagaa ni nani?

Jina dagaa ni moja, wanaoitwa kwalo ni wengi. Katika Ziwa Viktoria, dagaa ni yule ambaye Wajaluo humwita omena na Waganda humwita mukene. Kisayansi ni Rastrineobola argentea. Katika Ziwa Tanganyika, jina hilohilo, ambalo kwa Warundi ni ndagala, hubeba samaki wawili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Huyu wa pili ndiye aliyechukuliwa kutoka Tanganyika akatiwa katika Ziwa Kariba katika miaka ya 1967 na 1968, na huko anajulikana kwa jina la kapenta. Baharini, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani Unguja na Pemba, dagaa ni jina la kundi jingine tena la samaki.

Mtu angedhani kwamba dagaa wote wa maziwa ni ndugu na wale wa bahari ni watu wa mbali. Ukweli umepinda zaidi ya hapo. Dagaa wa Tanganyika ni wa oda moja na dagaa wa bahari, oda iitwayo Clupeiformes. Wahenga wao walitoka baharini. Omena wa Ziwa Viktoria, kwa upande wake, ni jamaa ya samaki wa maji baridi, na yuko karibu zaidi na ningu wa ziwa hilohilo kuliko alivyo karibu na dagaa wa Vanga. Wamefanana kwa udogo, kwa kumetameta na kwa kwenda makundi makundi. Jikoni huo ni ufanano wa kutosha, katika elimu ya viumbe hautoshi.

Hata baharini kwenyewe dagaa si mmoja. Wavuvi na wachuuzi hutofautisha angalau makundi mawili makubwa. La kwanza ni dagaa mchele, samaki wembamba wa ukoo wa Engraulidae, hasa wa jenasi za Stolephorus na Encrasicholina. Jina lao limewafaa: wakichemshwa na kukauka huwa weupe na wembamba, na wakimwagwa kwenye jamvi hufanana kwa mbali na mchele. La pili ni la samaki wa jamaa ya saradini, wanene na bapa zaidi, wenye mafuta mengi, kama vile Sardinella gibbosa, ambaye Tanzania huitwa dagaa papa. Wenyeji wa pwani wana jina la tatu, simu, wanalowapa samaki wadogo wa mlango huu wa saradini. Mwanafunzi wa leo akisikia bibi akisema kwamba amekula simu huenda akacheka, lakini jina hili la samaki halikungoja chombo cha mawasiliano ndipo liingie katika lugha.

Maumbile

Dagaa mchele aliyekomaa aghalabu ana urefu wa sentimita 6 hadi 10. Anapotolewa majini nyama yake huwa nusu angavu, kiasi kwamba uti wa mgongo unaweza kuonekana kwa kumwelekeza kwenye mwanga. Ubavuni, kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani, ana mstari mpana wa rangi ya fedha. Pua imechomoza mbele ya mdomo, na mdomo wenyewe ni mkubwa kupita kiasi kwa kiumbe wa kimo hicho: taya la chini limeingia chini ya pua na pembe ya mdomo hufika nyuma ya jicho. Tumboni, mbele ya mapezi ya tumbo, ana miiba michache midogo kama ncha za sindano. Ana pezi moja tu la mgongoni, fupi na laini, na mkia wa panda.

Rangi ya fedha hailetwi na madini. Ni vibamba vyembamba mno vya kemikali iitwayo guanini vilivyopangwa katika ngozi na magamba kama vioo vilivyotazamana. Mwanga unaotoka juu hurudishwa kwa namna ambayo, kwa adui anayetazama kutoka pembeni, dagaa huwa na rangi ya maji yaliyomzunguka. Mgongo wake ni wa kijivu au kijani, hivyo anayetazama kutoka juu humchanganya na kina cha bahari. Kinachong'aa sana mikononi mwa mvuvi ndicho kinachomficha samaki huyu baharini.

Hisi zake nazo ni za ajabu. Samaki wengi wana mstari wa hisi ubavuni, mfereji mwembamba unaotambua msukumo wa maji. Dagaa na jamaa zake hawana mstari huo mwilini. Mifereji yao imekusanyika kichwani. Isitoshe, kibofu cha hewa kinachowawezesha kuelea kina vijirija viwili vinavyopanda mbele hadi kwenye sikio la ndani. Kwa mpango huo kibofu huwa kama ngoma: mawimbi ya sauti hukitikisa, nacho hulipasha sikio habari. Ndiyo sababu kundi la dagaa hushtuka kwa kishindo kidogo tu cha kasia juu ya ubavu wa mashua, na ndiyo sababu wavuvi wa usiku huzungumza kwa sauti ya chini wavu unapozungushwa.

Chakula chake ni planktoni, yaani vijiumbe vinavyoelea na kuchukuliwa na mkondo, hasa vijikrasteshia viitwavyo kopepodi. Mdomo ule mpana sasa unaeleweka. Kwa kuwa planktoni hustawi palipo na rutuba, dagaa naye hustawi karibu na midomo ya mito na katika ghuba zenye maji mazito, kama vile Ghuba ya Ungwana ambako Mto Tana humwaga tope lake, na pale ambapo pepo za msimu huchanganya maji ya juu na ya chini.

Maisha yake ni mafupi. Wengi wa dagaa mchele hawamalizi hata mwaka mmoja. Hupevuka wakiwa na umri wa miezi michache, pengine mitatu au minne, na kisha jike hutaga mara nyingi kwa mafungu, badala ya kungoja msimu mmoja wa mwaka. Mayai huachwa yaelee; si duara kama ya samaki wengi, ni marefu kama mbegu. Katika maji ya uvuguvugu huanguliwa kwa muda wa siku moja au zaidi kidogo. Mzazi halindi yai wala kinda. Kinga ya pekee ni wingi: maelfu huliwa, wachache huvuka. Kwa sababu hii idadi ya dagaa hupanda na kushuka kwa kasi. Mwaka wenye planktoni tele huleta neema, na mwaka mmoja mbaya waweza kuliangusha kundi zima kwa kuwa hakuna rika la wazee lililobaki kuzaa upya. Mfano mashuhuri ni wa Peru. Mwaka wa 1970 taifa hilo lilivua zaidi ya tani milioni 12 za samaki aina ya Engraulis ringens, binamu wa dagaa mchele. Uvuvi wa kupindukia ulipokutana na joto la El Niño la mwaka wa 1972, mavuno yalianguka, na kufikia mwaka wa 1973 hayakufika tani milioni 2.

Kundi lisilo na kiongozi

Hakuna jambo lililowavutia watazamaji wa dagaa kuliko kundi lake. Maelfu ya samaki hugeuka kwa pamoja kana kwamba wameamrishwa. Kundi hufunguka katikati adui anapopita, hufunga nyuma yake, hupinda, hujikunja likawa mpira, na hakuna samaki anayemgonga mwenziwe. Mshairi akiona haya atakimbilia umoja na nguvu zake. Si kosa la mshairi. Tamathali iko wazi mno. Lakini maelezo ya wanasayansi yameelekea upande mwingine kidogo, na yafaa msomaji wa fasihi ayasikie kabla ya kuandika ubeti wake.

Kwanza, hakuna kiongozi. Mwaka wa 1987 mtaalamu wa kompyuta Craig Reynolds alionyesha kwamba kundi linalotembea kama la ndege au la samaki laweza kuigwa kwa kanuni tatu tu zinazofuatwa na kila mmoja: usimkaribie mno jirani, elekea anakoelekea jirani, usiachwe mbali na wenzio. Hakuna anayejua umbo la kundi zima. Kila dagaa anawajua wachache walio kandokando yake, macho yake yakimwonyesha na mifereji ya kichwani ikimwambia maji yamesukumwa vipi. Mgeuko mmoja huenea kutoka jirani hadi jirani kwa kasi inayoshinda mwendo wa adui.

Pili, kundi halikuundwa na mapenzi. Mwaka wa 1971 mwanabiolojia W. D. Hamilton wa Uingereza alitoa hoja kwamba wanyama waweza kukusanyika kwa sababu ya ubinafsi. Mfano wake ulikuwa wa vyura walioketi kandokando ya kidimbwi chenye nyoka: kila chura huruka akaingie kati ya wawili, ili nyoka akitokea amkute mwingine kwanza. Matokeo yake ni msongamano. Dagaa aliye ukingoni mwa kundi yumo hatarini kuliko aliye kati, naye hujitahidi kuingia ndani. Kila mmoja anamfanya mwenzake ngao. Hata hivyo, wote hufaidi kwa kiasi fulani, kwa sababu jodari au kolekole anayevamia kundi la maelfu hupotewa na shabaha: macho yake hayawezi kumng'ang'ania mmoja katika mimeto elfu. Adui aliyezoea hujaribu kwanza kumtenga mmoja au kuvunja kundi, na anayetengwa ndiye huliwa.

Walaji wenyewe ni wengi. Nguru, jodari, kolekole na mzia huwavamia kutoka chini na kuwapandisha juu, pomboo huwazunguka, juu ya maji shakwe wanangoja. Hapo ndipo bahari huonekana kama inatokota, nao mvuvi aliye mbali huelekeza mashua kwa kufuata ndege. Kwa hakika dagaa ni kiungo. Chini yake kuna vijiumbe visivyoonekana kwa jicho, juu yake kuna karibu kila samaki wa thamani auzwaye Mombasa. Anayevua dagaa wote anavua pia, pasi na kujua, chakula cha nguru wa kesho.

Sarufi ya Kiswahili nayo imelitambua kundi hili kwa namna yake. Hakuna aendaye sokoni kununua dagaa mmoja. Neno hili halibadiliki katika wingi, na mtu akitaka kumtenga mmoja hulazimika kumpa kiambishi cha udogo akasema kidagaa. Zaidi ya hayo, dagaa akiwa hai wasemaji wengi humpa upatanisho wa a-wa, lakini akishakaushwa na kutiwa guniani, masikio sokoni husikia dagaa hizi na zimekauka. Uhai umetoka, na ngeli imetoka nao.

Taa na giza

Kundi la dagaa hutegemea macho. Usiku wa giza likosapo mwanga hulegea na samaki hutawanyika, wengi wakipanda karibu na uso wa maji kuwafuata kopepodi ambao nao hupanda usiku. Wavuvi wameitumia tabia hii kwa muda mrefu. Mashua huteremsha taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu za jua. Vijiumbe huvutwa na mwanga, dagaa huvijia, na kwa kuwa sasa wanaonana tena hujipanga na kuanza kuizunguka taa. Kwa saa nzima au zaidi mduara hukua. Kisha ringineti huzungushwa, kamba ya chini ikavutwa mpaka wavu ukafunga kama mdomo wa mkoba.

Mbinu hii haifai mwezi ukiwa mpevu. Mbalamwezi huitangaza bahari yote kuwa taa moja, na dagaa hawana sababu ya kuifuata ile ya mvuvi. Hivyo wavuvi wa dagaa hupumzika katika siku za mwezi mkubwa, wakashona nyavu na kulipana madeni, na hurudi kazini giza linapoingia. Msimu nao una neno. Kaskazi huleta bahari tulivu na safari nyingi. Kusi huchafua bahari, na mashua ndogo hufungwa. Wavuvi wengi, hasa Wapemba, huhama na msimu, wakaweka dago katika fukwe za mbali, Vanga na Gazi zikiwa miongoni mwazo. Ugeni huo, pamoja na ukubwa wa ringineti zao, umezua mivutano isiyokwisha na wenyeji wanaotumia mishipi, madema na jarife. Mwenyeji hulalama kwamba wavu mmoja umezoa usiku mmoja walichokitegemea wengi. Mgeni hujibu kwamba samaki wa kundi hupita, asipovuliwa leo kesho yuko kwingine. Biolojia inampa kila mmoja sehemu ya haki. Ni kweli dagaa hupita na huzaa upesi. Ni kweli vilevile kwamba wavu unaoteremshwa karibu na miamba hauzoi dagaa peke yao.

Kuoza

Sasa yafaa kurudi kwenye nahau. Kwa nini kidagaa, wala si kijodari?

Samaki mkubwa akishuka pwani hupasuliwa, hutolewa matumbo, hutiwa chumvi, akawa ng'onda. Dagaa hapasuliwi, nani atatoa matumbo ya samaki elfu kumi wenye urefu wa kidole? Anabaki na utumbo wake, na mara nyingi utumbo huo umejaa, kwa kuwa alivuliwa akiwa anakula chini ya taa. Vimeng'enya vya kusaga chakula havijui kwamba mwenye tumbo amekufa. Huendelea na kazi, vikala ukuta wa tumbo kutoka ndani, na katika joto la pwani saa chache hutosha kwa tumbo kulainika na kupasuka. Bakteria wa utumboni hupata njia kuingia katika nyama. Ngozi ni nyembamba, magamba hupukutika kwa kuguswa, na mwili mdogo hupata joto la hewa mara moja hadi ndani. Wakirundikwa, wa chini hupondwa na uzito wa wa juu, na maji yao huwalowesha wengine wote.

Kuna hatari nyingine isiyo na harufu. Nyama ya dagaa ina histidini kwa wingi, na bakteria fulani huigeuza kuwa histamini. Mlaji wa samaki huyo huweza kuwashwa mwili, kuumwa na kichwa na kuwa mwekundu usoni. Histamini haiondolewi kwa kupika. Mpishi anayedhani moto utasahihisha uzembe wa pwani amechelewa. Upande wa saradini, mafuta yake mengi huungana na hewa na kuchacha hata baada ya kukaushwa vizuri.

Kwa hivyo wenye kazi hiyo hushindana na saa. Dagaa hufika alfajiri na masufuria makubwa ya maji ya chumvi yako motoni tayari. Huchemshwa kwa dakika chache, jambo ambalo huua bakteria na kunyamazisha vimeng'enya, kisha huanikwa juu ya chanja au juu ya vipande vya nyavu vilivyotandazwa. Kukiwa na jua kali hukauka kwa siku moja. Dagaa wa Unguja aliyekaushwa hivyo huvuka hadi Dar es Salaam na kusafiri mpaka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wanunuzi wa Kikongo hufunga safari mpaka fukwe za kisiwa hicho kumtafuta. Sehemu kubwa ya kazi ya kuchemsha na kuanika hufanywa na wanawake, kama ambavyo katika pwani ya Kenya kukaanga na kuchuuza samaki wadogo ni kazi ya mama karanga. Hawa hununua kwa pesa taslimu au kwa mkopo wa tajiri kabla jua halijatoka. Mvua ya masika ikinyesha saa nne za asubuhi, mtaji uko chanjani.

Hapa mofolojia inasema kweli iliyo nzito kuliko ufafanuzi wa kawaida wa nahau. Kitenzi ni oza, kilichopewa kiambishi cha kutendea, nacho kikabeba yambwa: ki-me-mw-oz-e-a. Kidagaa ndicho kilichooza, lakini aliyeozewa ni mtu. Kauli ya kutendea hapa haimaanishi kwa faida ya. Inamaanisha kwa hasara ya, kama katika kufiwa au kunyeshewa. Wahakiki wengi wamesimama kwenye kidagaa, wakasisitiza kwamba jambo dogo lililopuuzwa humwangusha mkubwa. Kiambishi mw- kinamtazama mwenye mali. Kwa mwenye chanja hapo Gazi kidagaa si kitu kidogo hata kidogo, kwa kuwa haviozi kimoja kimoja.

Mwana wa changu si dagaa

Kamusi za Kiswahili humweleza dagaa kwanza kwa udogo wake. Lugha ya magazeti nayo imeshikilia udogo huo: wala rushwa wadogo ni vidagaa, wakubwa ni mapapa. Tatizo ni kwamba baharini kila changu, kila tasi na kila kibua amewahi kuwa na urefu wa kidole. Ikiwa dagaa ni samaki mdogo tu, basi kinda la changu lililozolewa na juya la kukokotwa au kwa chandarua cha mbu katika maji ya magugu ya bahari litaitwa dagaa, litauzwa kama dagaa, na mnunuzi hatakuwa na neno la kumkatalia muuzaji. Juya la kukokota limepigwa marufuku kisheria nchini Kenya, lakini sheria haiwezi kufika kwenye kila karai. Jina hufika.

Tofauti ni kubwa. Dagaa mchele wa sentimita 7 ni mzee. Pengine ametaga mara kadhaa. Changu wa sentimita 7 ni mtoto ambaye angehitaji muda mrefu kabla ya kuzaa hata mara moja. Kumvua wa kwanza ni kuvuna, kumvua wa pili ni kula mbegu. Wakati ambapo bahari yenyewe imepungukiwa, kosa hili lina bei: utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba katika sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi ya tropiki mimea ya planktoni ilikuwa imepungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita, sababu ikiwa ni kuongezeka kwa joto la maji ya juu, ambayo hukataa kuchanganyika na maji yenye rutuba ya chini.

Kumtambua si kazi ya maabara. Dagaa wa kweli wa bahari, awe mchele au wa jamaa ya saradini, ana pezi moja fupi la mgongoni lisilo na mwiba. Hana mstari wa hisi ubavuni. Mkia wake ni wa panda iliyoingia ndani. Changu na tasi, hata wakiwa wadogo kama kucha, wana miiba migumu mgongoni, nayo hubaki hata baada ya kukaangwa. Mnunuzi aliyeinama juu ya karai hahitaji ila kumchukua samaki mmoja na kupitisha kidole mgongoni kutoka mkiani kuelekea kichwani. Kidole kikipita bila kuchomwa, na ubavu ukiwa na mstari wa fedha, huyo ni dagaa. Kikichomwa, muuzaji aulizwe samaki huyu ni mwana wa nani.